Udongo wa kukauka kwa hewa: kwa nini hereni zimepasuka na kisahani kikalainika

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Niko Tanga. Mwezi uliopita nilinunua pakiti ya nusu kilo ya ule udongo mweupe unaokauka wenyewe bila kuchomwa. Nikatengeneza jozi sita za hereni na kisahani cha sabuni. Jozi nne zimepasuka, mbili zimejikunja kama ganda la chungwa. Kisahani kilitoka kizuri, nikakipaka rangi, lakini baada ya siku nane bafuni kimelainika chini kama mkate uliolowa. Mtu mmoja kaniambia nivitie kwenye oveni, mwingine kasema niachane na udongo wa dukani nikande unga wa ngano na chumvi. Nia yangu ni kuuza. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nikutoe hofu kwanza: mtu anayetoa kisahani kizuri kwa pakiti yake ya kwanza ana mkono wa kazi. Kilichokuangusha ni kwamba hakuna aliyekueleza huo udongo ni kitu gani, na hilo ukilijua, nusu ya maswali yako yanajijibu.

Udongo wa mfinyanzi, ule wa mtungi na chungu, hukauka kwanza kisha huchomwa, na ni moto unaoumaliza. Kina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa karibu na Matema, huchoma vyungu vyao kwa moto wa wazi bila tanuri lolote, na moto huo unatosha. Joto likifika kwenye nyuzi 500 hivi na kuendelea, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe za udongo hutoka, na kuanzia hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Ndiyo maana ukitembea Kilwa Kisiwani unaokota vigae vya mamia ya miaka, vimelala kwenye maji ya chumvi, na bado ni vigumu.

Udongo wako haukufika huko, wala hautafika. Ndani ya pakiti ile mna unga laini wa mawe na madini, maji, gundi, na mara nyingi nyuzi za karatasi. Maji yakitoka, gundi inashika. Maji yakirudi, gundi inaachia. Kisahani chako cha sabuni kilikaa siku nane kikinywa maji kwa chini, mahali ambapo nina hakika hukupaka rangi, kwa sababu karibu kila mtu husahau kitako. Hata ungekipaka, kingechelewa tu. Sahani ya sabuni si kazi ya udongo huu.

Kwa hiyo habari ya oveni iondoe kichwani. Oveni ya nyumbani ikijitahidi sana inafika nyuzi 250, mbali kabisa na moto wa kuchomea chungu, na ungeipandisha zaidi ungeunguza gundi na karatasi zilizomo. Joto lake litakausha ngozi ya nje haraka huku ndani kukiwa bado na maji, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Aliyekushauri nadhani amechanganya vitu viwili. Kuna bidhaa nyingine hukaa rafu moja na yako, kama FIMO, ambayo kweli huokwa, kwa nyuzi 110. Ile ina jina la udongo tu, ndani yake ni plastiki ya PVC iliyolainishwa. Na kuna plastisini ya watoto, aliyoibuni William Harbutt wa Bath, Uingereza, mwaka 1897, ambayo imekandwa kwa mafuta na haikauki maisha. Ukienda dukani usitazame picha ya mbele, geuza pakiti nyuma. Ukiona mchoro wa oveni au kipimo cha joto, hiyo ni ya kuokwa. Ukiona saa za kukauka, hiyo ndiyo yako.

Sasa nyufa. Udongo ukikauka hupungua ukubwa, hilo halizuiliki. Ubaya ni pale sehemu moja inapopungua kabla ya nyingine: juu kumekauka na kunavuta, chini kumelowa na hakusogei, basi mahali penye udhaifu panaachana. Kama kipande ni chembamba hakipasuki, hujikunja kuelekea upande uliotangulia kukauka. Hizo jozi zako mbili zilizojikunja ulizianika juu ya sahani au kioo, au kwenye nailoni, si ndiyo? Juu zilipata hewa, chini zilizibwa.

Tengeneza hivi. Chukua ubao wa chapati na kifimbo chake (viwe vya udongo tu kuanzia siku hiyo), weka rula mbili zenye unene wa milimita 3 kushoto na kulia kwa udongo, kisha sukuma mpaka kifimbo kitembee juu ya rula zote mbili. Unene utakuwa sawa kila mahali, na kwa hereni unene sawa ni muhimu kuliko umbo lenyewe. Sukuma mara mbili, geuza udongo, sukuma tena kwa upande mwingine. Ukisukuma kwa mwelekeo mmoja tu utavutika kama raba, na ukikauka utataka kurudi ulikotoka. Udongo hausahau. Hata ukiunyanyua kwa kidole ukapinda, kisha ukaunyoosha, ukawa umenyooka vizuri machoni, kesho yake utaukuta umeinuka palepale ulipoupinda. Nyanyua kwa kisu kipana au kadi ngumu, kamwe usinyanyue kwa kucha.

Vipande vilale juu ya karatasi kavu kwenye ungo au chekeche, si juu ya sahani, ili hewa ipite juu na chini. Kwa saa za mwanzo vifunike na kitambaa chepesi kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, kipande cha khanga kuukuu kinafaa, kikiwa kimeinuliwa kidogo visigusane. Baada ya saa tatu nne ondoa kitambaa, geuza vipande, kisha vigeuze kila unapopita. Vikishakuwa vigumu kama ngozi ya kiatu, vinavyokatika lakini havipindi kirahisi, viweke katikati ya karatasi mbili, juu yake ubao mwepesi, vilale hivyo usiku kucha. Asubuhi vitakuwa bapa.

Zamani tulifunika kazi kwa mfuko wa plastiki. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku nchini mwetu tarehe 1 Juni 2019, mimi hutumia ndoo ya rangi yenye mfuniko: kazi ambayo sijaimaliza naiweka ndani pamoja na kikombe cha maji, nafunika, na kesho naikuta kama nilivyoiacha. Nimeizoea kiasi kwamba hata mfuko ungerudi nisingeutaka.

Pakiti yako bila shaka imeandikwa saa 24. Usiiamini ukiwa Tanga. Hewa ya pwani imeshiba maji, hasa masika, na hewa iliyoshiba haipokei maji mengine. Kipande cha milimita 3 kinaweza kuchukua siku mbili mpaka tatu, na kisanamu kinene siku nyingi zaidi. Ndugu zetu wa Dodoma wana shida iliyo kinyume: upepo mkavu wa kiangazi unakausha nje kabla hujamaliza kunawa mikono, na wao ndio wanaohitaji kitambaa chenye unyevu siku nzima. Feni usiielekeze kwenye kazi, ielekeze ukutani ili hewa ya chumba izunguke. Juani usianike kabisa.

Utajuaje umekauka? Macho yanadanganya, maana udongo huwa mweupe nje mapema. Tumia shavu. Nyanyua kipande ukiguse kwenye shavu: kikiwa cha baridi kuliko kitu kingine kikavu kilichokaa chumba hichohicho, bado kinatoa maji. Wafinyanzi wa vyungu hufanya hivyo kabla ya kuchoma, kwa sababu chungu chenye maji kikiingia motoni hupasuka. Wewe huchomi, lakini ukipaka vanishi juu ya kipande chenye maji ndani unayafungia, na baada ya wiki rangi inatoka malengelenge au madoa ya ukungu.

Jambo moja nakuomba ulifanye kabla ya kukata hereni nyingine hata moja, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Tengeneza vibao vya majaribio. Sukuma udongo, kata ukanda wenye urefu wa sentimita 12 na upana wa 3, na ukiwa mbichi chora juu yake kwa sindano mstari wa sentimita 10 kamili, upime kwa rula. Andika kwa ncha hiyohiyo jina la pakiti na unene. Fanya vitatu: kimoja cha milimita 2, kimoja cha 3, kimoja cha 5. Vianike kama nilivyokueleza, na siku vikikauka pima ule mstari tena. Kwenye vibao vyangu mimi, mstari wa sentimita 10 huwa unapungua milimita 4 hadi 8, kutegemea pakiti. Wako unaweza kuwa tofauti, na namba yako ndiyo utakayoifuata. Ukitaka hereni ya sentimita 4 na udongo wako unapungua milimita 5 kwa kila sentimita 10, kata ya sentimita 4 na milimita 2.

Vibao hivyo usivitupe, vina kazi nyingine. Kimoja kivunje kwa mikono usikie kinavunjikaje: chenye nyuzi nyingi za karatasi kinachanika kwa uvivu, chenye madini mengi kinakatika kwa mlio. Cha pili kitoboe, kining'inize kwa uzi dirishani wiki nzima, uone hewa inakifanya nini. Cha tatu kipake rangi na vanishi nusu tu, kisha weka tone la maji kila upande. Upande usiopakwa utaliona tone linazama, na ukisugua kwa kidole unatoka ute mweupe. Upande uliopakwa tone linakaa juu kama kwenye jani la mgomba. Sasa loweka kibao kizima kwenye kikombe usiku kucha, uone asubuhi. Ukishaona kwa macho yako hutahitaji mtu wa kukukataza sahani za sabuni.

Najua inaonekana ni kupoteza udongo ulioununua kwa pesa. Vibao vitatu havimalizi hata robo ya pakiti yako. Jozi nne zilizopasuka zimekula udongo na siku zako za kazi, na hazikukufundisha kitu kwa sababu hukujua unene wake.

Kosa lingine ambalo hukulitaja lakini karibu kila mwanafunzi wangu huanza nalo: kulainisha kwa maji. Unaona alama ya kidole, unachovya, unasugua, inapendeza, unachovya tena. Maji yote hayo yatatoka, na kila yanapotoka yanaacha pengo. Kidole kiwe na unyevu tu, kama cha mtu anayefungua kurasa za msahafu. Na alama zilizobaki ziache mpaka kikauke, kuna msasa. "Udongo uwahi ungali maji" ni kweli kwa umbo, na umbo likishakaa sawa toa mkono.

Kuunganisha vipande viwili, kwa mfano ua juu ya kibao, chanja pande zote mbili kwa sindano, kama mtu anayekata vijimraba, paka uji mzito wa udongo huohuo, bana, sogeza kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi vimeshikana. Uji nautengeneza kwa mabaki ya udongo niliyoyaloweka, na tone la gundi nyeupe. Ndio huohuo unaozibia nyufa ndogo: sindilia ndani kwa kijiti cha meno, acha ukauke, piga msasa. Ufa uliopita upande wa pili usiuzibe, hereni hiyo itavunjikia masikioni mwa mteja.

Ukijenga juu ya chupa au kopo, jua kwamba udongo utapungua na chupa haipungui, basi lazima kitu kiachie. Visha chupa karatasi laini kwanza, iwe kama godoro, au itoe chupa udongo ukiwa mgumu kama ngozi ya kiatu.

Tundu la hereni litoboe udongo ukiwa mbichi, kwa kijiti cha meno, milimita 3 au zaidi kutoka ukingoni, na ulifanye kubwa kidogo kuliko unavyotaka kwa sababu nalo litapungua. Ndoano nunua za chuma kisichoshika kutu au za fedha. Zile za bei ya chini sana mara nyingi zina nikeli, na masikio ya watu wengi huwasha na kutoa maji kwa nikeli. Mteja wa hivyo atalaumu udongo wako.

Sasa unga wa ngano na chumvi. Aliyekushauri hakukudanganya, ni kazi ya kweli: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, kisha unaoka kwa moto mdogo saa kadhaa. Kwa watoto kuchezea siku ya mvua naipenda. Kwa kuuza Tanga naikataa, na sababu ipo kwenye meza ya kila mgahawa wa pwani, kwenye kikopo cha chumvi chenye punje za mchele. Mchele umewekwa kwa kuwa chumvi huanza kuvuta maji ya hewani mpaka ikalowa, pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na kwetu hewa hufika hapo mara kwa mara, usiku hasa. Kipambo chenye theluthi ya chumvi kinafanya vilevile. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliwatengenezea majirani mapambo 40 ya meza kwa harusi, nikayamaliza Machi yakiwa makavu yanalia kama vigae. Mvua zikaanza. Siku ya shughuli, wiki tatu baadaye, yalikuwa yanatoa jasho chini ya rangi, na mengine yameshikana na karatasi tulizoyafungia. Mama wa bibi harusi hakusema neno, akayaweka pembeni, na ule ukimya wake ninao mpaka leo.

Kama unataka kukanda wako mwenyewe nyumbani, jaribu poselini ya baridi, kazi ambayo mafundi wa Argentina na nchi za jirani zake wanaipenda sana kwa maua na vinyago vidogo. Kikombe kimoja cha wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuungia mchuzi, si unga wa ugali. Kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya maseremala. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya mtoto, na viwili vya maji ya limau au siki nyeupe kuzuia ukungu. Changanya kwenye sufuria kuukuu ambayo haitarudi tena jikoni, moto mdogo, dirisha wazi, ukoroge kwa mwiko bila kuacha. Mwanzo ni uji, kisha unashika mabonge, kisha unajikusanya na kuachana na sufuria kama ugali unavyoiva. Epua hapohapo. Ukichelewa utakuwa mkavu, na hakuna dawa. Kanda ukiwa na uvuguvugu, mikono imepakwa mafuta, ufunge vizuri, ulale usiku mmoja kabla ya kuutumia. Petali zake zinakuwa nyembamba mpaka mwanga unapita, kitu ambacho udongo wa pakiti hauwezi. Lakini unapungua zaidi kuliko wa pakiti, kwa hiyo nao uufanyie vibao. Na maji yanaulainisha vilevile.

Kumalizia: msasa namba 240, kisha 400, nje ya nyumba, umevaa barakoa, maana vumbi lile laini halifai kuingia kifuani. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi iwe ya akriliki; ya poda ya shuleni inatoka ikiguswa na jasho. Vanishi tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke, mbele, nyuma, ukingoni, na ndani ya tundu kwa ncha ya kijiti.

Kwa kuuza, shika hereni, vidani, mapambo ya ukutani, visahani vya kuwekea pete na funguo, fremu ndogo za picha, vishikizo vya mapazia. Usiuze kikombe wala bakuli la chakula, wala chombo cha maua yenye maji. Na kwa kuwa uko Tanga, najua watakuja kina mama kukuomba chetezo, tena watakuomba kwa upendo na bei nzuri. Kataa, mwanangu. Kaa la moto juu ya gundi na karatasi litatoa moshi mbaya kabla hata udi haujanukia, na linaweza kuwaka. Waelekeze kwa mfinyanzi wa vyungu, wao wanavyo vya kuchomwa. Kinara cha mshumaa nacho kataa. Kila jozi ya hereni iambatane na kikaratasi: usioge nayo, usiogelee nayo, futa kwa kitambaa kikavu.

Ule udongo uliobaki kwenye pakiti, kama umeanza kuwa mgumu, usiutupe. Utoboe matundu kwa sindano ya kushonea magunia, uuzungushie kitambaa kilicholowa, uufunge kwenye kopo lenye mfuniko usiku mmoja au miwili, kisha uukande mpaka uwe sawa. Kama umeshakuwa jiwe, uponde, uuloweke kwenye chupa, na hiyo ndiyo akiba yako ya uji wa kuunganishia.